Mbegu Haizikwi

Mama,

Miezi minne imepita tangu tulipokuzika. Nakuandikia kwa Kiswahili chako cha Kongo, ng'ambo ya ziwa, ingawa hapa Nchelenge majirani wote wananisemesha Kibemba. Kwanza niungame: thaimu yako imekufa, na niliyeiua ni mimi.

Yale majani madogo ya kutia kwenye samaki, uliyokuja nayo kutoka Elizabethville ulikokuwa ukimpikia madamu. Yeye aliyaita "teni" kwa Kifaransa chake, ukayaita hivyo hivyo, na mimi nikasikia "tena". Unanituma, "Kalete teni," nami niliyetoka kuleta kuni narudi na mzigo mwingine. Siku ile Baba alicheka mpaka akapaliwa na tonge la bukari.

Wakati wa matanga kila mwanamke aliyekuja kusaidia alilimwagia shina lako maji, kama tunavyomwagia mboga. Walipoondoka nikazidisha mimi, asubuhi na jioni. Nilidhani nalitunza. Mizizi ikaoza.

Baba anakaa nyuma ya nyumba anashona wavu mpya, lakini ziwani haendi. Anakula matonge mawili, samaki anamsukumia paka. Paka amenenepa, Baba amebaki mifupa. Nilikasirika, Mama. Nilikukasirikia hata wewe, uliyekuwa ukinifukuza jikoni ukisema nitajifunza nikikua. Nimekua lini, na wewe umekwenda lini?

Halafu nikafungua fundo la chitenge chako cha kanisani, nikakuta mbegu ulizokung'uta mauani. Laini kama ugoro. Nikachukua nusu, nikazipanda kama ulivyonifundisha karanga: nikapiga tuta, nikatoboa mashimo kwa kidole, nikafukia, nikashindilia kwa kisigino. Wiki tatu nzima nililikodolea macho tuta lile. Yalitoka magugu.

Ikabaki ile nusu nyingine. Sijui mtu mwingine mwenye mbegu hizi, si hapo Kabuta wala kule Mwansabombwe. Zikifa hizi, hakuna tena chakula kitakachonukia kama chako, na sijui Baba nitamrudisha mezani kwa kitu gani.

Nilikuwa nimeshika jembe kupiga tuta la pili Baba alipoinua uso kutoka kwenye wavu.

"We mwana, hii mbegu habazikake. Mama yako alisemaka: haiyakufa, munaizikia nini?"

Tangu makaburini alikuwa hajasema maneno mengi hivyo. Nililia palepale shambani, jembe mkononi, wala sikujificha.

Basi nikaliacha jembe. Nikachukua beseni lako lililotoboka, nikatia mchanga wa ufukweni na udongo kidogo wa kichuguu. Mbegu nikazinyunyiza juu, zikalala wazi zikiona jua, nikazibonyeza kidogo tu kwa kiganja. Maji nilirusha kwa vidole, tena mchanga ukikauka. Mikono iliniwasha kutaka kumwaga ndoo nzima, nikaikunja.

Kuku wakaanza kulizunguka beseni. Siku moja natoka kuchota maji, nikamkuta Baba amelifunika na kipande cha wavu. Ameukata ule mpya, Mama! Kazi yake ya miezi yote, ameutia kisu katikati.

Jumapili iliyopita tulipotoka kanisani tukaona kijani. Miche saba, midogo hata kuishika huwezi. Baba alipiga magoti na suruali yake ya ibada, akaitazama sana, kisha akaniuliza kama nina hakika si magugu. Nikamwambia magugu nayajua sasa, nimeyalima mwenyewe.

Sijui kama yote saba itaishi. Ikifa, nitavuka na mtumbwi mpaka Kilwa ya Kongo, nipande lori la samaki mpaka Elizabethville, nigonge mlango wa kila jiko lenye bustani nyuma. Nimeshaamua, na unajua kichwa changu.

Jana Baba alikaa kuuziba wavu pale alipoukata. Ameniambia kesho anaingia ziwani, na nisipike kitu mpaka arudi. Majani bado hayajafika kuchumwa, kwa hiyo kesho nitampikia samaki kwa chumvi na nyanya, nikae naye, na paka nitamfungia nje.

Pumzika, Mama, usihangaike na nyumba hii. Baba niachie mimi. Atakula.

Binti yako