Geji ya Kimo Iliyobaki Mhunze

Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikasubiri kidogo, mazoea tu. Ulikuwa ukiitikia "marahaba, mayu" bila kuinua macho kwenye kazi, na hilo mayu ndilo linaloniuma. Ulinipa jina la mama yako ukaniita mama maisha yangu yote, na sasa hakuna mwingine wa kuniita hivyo.

Nakuandikia nikiwa kibandani kwako hapa Ibadakuli. Mama hajambo, ila anakula kwa kulazimishwa. Ndege ikitua kiwanjani bado anasema, "Baba Kabula, wageni wako hao," kisha anaendelea kuchagua mchele. Mimi natoka nje nijifanye naanua nguo.

Baba, dashibodi yetu ya ndege ya kwenye kompyuta imevunjwa. Nataka hilo ulisikie kwangu mimi, siyo kwa mwingine.

Miaka yote uliwatengenezea watu geji za ndege. Vijana wa Mwanza, yule mhasibu wa Geita ambaye macho yalimnyima urubani, wote hao wanaorusha ndege za kwenye kompyuta wamekaa sebuleni na kandambili. Geji za kutoka ng'ambo hawakuziweza bei, zako waliziweza: duara la bomba la maji, kioo cha fremu ya picha, kimota cha dashibodi ya gari lililokufa, mshale wa kifuniko cha siagi uliopakwa rangi yangu ya kucha. Ulinimalizia chupa zote nyeupe, na kila nikiuliza ulisema hayo ni mambo ya anga.

Halafu ukasema sasa tunatengeneza ya kwetu. Tutaruka kutoka Ibadakuli, tupite juu ya Mhunze tumpungie shangazi, twende Mwanza tukalione ziwa, turudi. Jioni ile ulipounganisha waya wa mwisho, ndege ikiwa bado imeegeshwa kiwanjani kwenye skrini, uliniita nikiwa na mikono ya unga. "Mayu, njoo uone. Geji ya kimo inajua tunapokaa." Mshale ulikuwa umesimama kwenye urefu wa Ibadakuli kutoka usawa wa bahari, sawasawa kabisa. Nilitaka turuke pale pale. Ukasema kesho, tukiwa tumeoga. Ukazima kila kitu, mshale ukabaki pale pale. Kesho yake presha ikakuangusha hata chai hujanywa.

Siku ya kumaliza msiba ukoo ulikaa kugawa vitu vyako, kila mmoja apate cha kukukumbuka. Mimi nilikuwa jikoni. Nilipotoka na birika la chai nikakuta baba mdogo ameshafungua skrubu, geji zimepangwa kwenye mkeka, na watu wanachagua saa. Ndiyo, saa za ukutani. Zina duara, zina namba, zina mishale, wangejuaje? Baba mdogo akachukua ya mwendo, ipo dukani kwake Kagongwa juu ya magunia ya mchele. Masanja, mtoto wa baba mkubwa, akachukua dira akaenda nayo machimboni Geita, anasema itamwonyesha dhahabu imelalia upande gani. Dira isiyojua hata kaskazini bila kompyuta. Ungecheka mpaka ukohoe. Shangazi akachukua ya kimo, akaifunga kwenye kitenge kama anabeba mtoto.

Niliwamiminia chai. Binti hasimami mbele ya ukoo na birika mkononi akaanza kudai. Lakini nilikasirika, Baba, nilikasirika mpaka nikajiogopa. Niliona kama wanakuzika tena, safari hii vipande vipande.

Iliyobaki mkekani ilikuwa moja tu, ile ya upeo, ya kuonyesha ndege imeinama au imenyooka, yenye mbingu juu na ardhi chini. Haina namba, hakuna aliyeitaka. Ulikataa kahawia ya dukani ukachanganya rangi mpaka ikafanana na udongo wa uani kwetu. Hiyo niliichukua mimi.

Mwezi uliopita nikaamua kuzifuata zile nyingine. Nilianza na Mhunze. Nilinunua saa ya ukutani, ya kweli, ya betri, ili nibadilishane na shangazi, na njia nzima nilipanga maneno. Nilipoingia nikaikuta geji ukutani karibu na picha yako, imefutwa vumbi vizuri. Shangazi akaniambia kila asubuhi anaiamkia, "Mwangaluka, kaka." Kisha akashusha sauti. "Kabula, hii saa ilisimama siku aliyokufa baba yako. Tangu nimeileta haijasogea hata kidogo. Imeondoka naye."

Nikaiweka saa yangu chini. Nikamweleza kuwa haijafa, kuwa kazi yake si kuhesabu saa, inapima ndege imepanda kiasi gani, na hapo iliposimama ndipo ilipo Ibadakuli. Nikamwambia ndege haikuanguka, iko nyumbani, imeegeshwa. Aliisogelea akaitazama. "Kwa hiyo kaka yuko nyumbani," akasema, na hakuwa ananiuliza. Tulilia wote wawili, kile kilio ambacho msibani sikukipata kwa sababu ya kupikia watu.

Nikamwachia zote mbili. Anasema moja ni ya kujua muda wa kumeza dawa, nyingine ya kujua ulipo. Kwa baba mdogo na Masanja sikwenda tena.

Natengeneza nyingine. Ya kwanza mshale ulitetemeka kama una homa. Ya pili ukazunguka kinyumenyume, nikaitukana, halafu nikakuomba radhi wewe. Vijana wa Mwanza wanapiga simu kuuliza kama kazi inaendelea. Nawaambia inaendelea, kisha nakaa kwenye stuli yako nalia, maana sijui kama ni kweli. Nakuhitaji, Baba. Kuna waya hapa siujui unakwenda wapi, na kila nikigeuka kukuuliza nakutana na ukuta. Lakini ya tatu imekubali jana. Nimenunua rangi ya kucha chupa mbili, moja ya kazi, moja yangu.

Basi, pumzika. Nakuahidi nitazimaliza zote, na safari yetu nitairuka, nikiwa nimeoga kama ulivyotaka. Shangazi ameomba nimpigie simu nikifika juu ya Mhunze, atoke uani kunipungia. Nilimwambia ni ya kwenye kompyuta, akasema hata hivyo atatoka. Nitalitazama ziwa kwa niaba yako. Kisha nitarudi Ibadakuli, nitue taratibu, nizime kila kitu, na mshale wangu utasimama pale pale uliposimama wako.

Mayu wako,
Kabula