Kikohozi cha Saruji

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko siku zote. Mimi mwili wangu ni mzima. Wewe hujambo? Bonge wetu hajambo? Tafadhali usinijibu kama unavyonijibu kwenye simu, kwamba hajambo ila kikohozi tu. Hiyo "ila" yako ndiyo iliyonikalisha hapa stoo tangu asubuhi, juu ya mifuko ya saruji, na kalamu ninayoandikia mizigo inayoingia.

Nimemwomba dereva wa lori letu la kokoto asikupe barua hii mpaka muwe mmeshaondoka nyumbani. Kwa hiyo sasa umekaa kiti cha mbele, mwanao Bonge yuko mapajani, na umeambiwa kwamba mumeo anaumwa na anataka kuwaona. Hilo ni kweli. Lakini hamji huku kwanza. Gari linakwenda hospitali kubwa, na wa kwanza kupimwa ni Bonge, kisha wewe. Nimeongea na muuguzi wa kifua wa pale, mama mmoja mwenye sauti nzito, anawasubiri. Fungua dirisha la gari, dada, hata kama vumbi linaingia. Halafu soma polepole. Nikikumwagia yote kwa mkupuo utamwambia dereva asimame ushuke, nami nakujua.

Nimekupigia mara tatu wiki hii nikitaka kusema. Mara ya kwanza nikaishia kuulizia kuku wako. Mara ya pili nikakutania kuhusu ile mashine ya kushonea unayoipiga makofi kila ikikataa. Mara ya tatu ukaniambia kwamba mtoto anakohoa tangu baba yake aliporudi kazini, usiku anatoka jasho, nguo zinampwaya, na wewe unadhani ni vumbi la saruji lililobaki kwenye mashati ya baba yake, umeyafua mara mbili. Nikasema mtandao mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

Sasa nikueleze tangu mwanzo, maana unapajua hapa kwa kusikia tu. Jengo letu limefika ghorofa ya saba. Mafundi wanalala nyuma ya jengo, kwenye bweni la mabati lenye vitanda ishirini na viwili, vya juu na chini, na madirisha manne. Kila mtu hapa anakohoa. Anayechanganya saruji anakohoa, anayepiga plasta anakohoa, hata mimi nikifagia stoo nakohoa. Tuna jina lake kabisa, kikohozi cha saruji, na mtu akikohoa sana wenzake humcheka kwamba kifua kimeanza kuganda, apigwe plasta auzwe kama tofali. Nami nilicheka. Niliwahi hata kukusimulia utani huo, ukacheka pia.

Na dawa yake tunayo: maziwa. Kila siku saa nne kazi inasimama, inaletwa ndoo ya maziwa na kikombe kimoja cha bati, eti maziwa yanaosha kifua. Kikombe kinazunguka mkono kwa mkono. Kwa heshima, anayeanza ni mkubwa wa umri, naye alikuwa fundi wa nondo tuliyemwita Babu Nondo, mtu mpole, mwenye vidole vigumu kama koleo. Alikohoa miezi na miezi. Kadiri alivyokohoa ndivyo walivyomhimiza anywe zaidi, na kila siku yeye ndiye aliyeanza, na wote ishirini na mmoja wakafuata kwenye kikombe kilekile, wakiwa wamekaa duara, goti kwa goti, wakimkoholea na yeye akiwakoholea. Hakuna aliyeona ubaya. Tuliona ni adabu.

Babu Nondo alipokufa ndipo tukaambiwa alikuwa na kifua kikuu. Msimamizi wa ujenzi aliniita. Akasema kwa kuwa mimi ndiye ninayejua kutunza daftari, kuanzia siku hiyo nitunze na la afya za watu. Nikapelekwa zahanati siku tatu kufundishwa, nikarudi mkali kama nimekula kiapo. Bwenini walikuwa wameziba madirisha kwa makaratasi ya mifuko ya saruji ili vumbi lisiingie. Niliyachana yote kwa mikono yangu. Niliambiwa pale zahanati kwamba ugonjwa huu unapita kwenye hewa iliyofungiwa kuliko kwenye chombo, lakini kikombe nacho nikakiondoa, kila mtu nikampa chake chenye doa lake la rangi, na duara nikalivunja. Mmoja akawekea misumari chake. Barakoa nilizogawa zikawa zinalinda videvu. Wakaniita Daktari wa Stoo, na wakawa wakiniona nakuja wanapandisha barakoa mpaka puani wote kwa pamoja, nikipita wanateremsha. Nilikuwa nacheka kimoyomoyo, dada. Nilijisikia mtu wa maana.

Unajua pia kwamba kazi hii mumeo nilimtafutia mimi. Hapa wanamwita Pimamaji, kama kile kipimo cha usawa wa ukuta, kwa sababu hapendi kitu kilichopinda, hata sahani ikikaa upande ataisogeza. Yeye alikuwa wa kwanza kuniunga mkono. Aliwaambia wenzake kwamba shemeji yake si mtu wa kubishana naye, na siku ya kupima makohozi akatangulia mstarini kuwaondolea aibu. Wanaume ishirini na mmoja, kila mmoja na kikopo chake, wameona haya kuliko wasichana wa kipaimara. Mmoja akaniuliza kama lazima kijae.

Majibu yalikuja siku ya Jumatatu. Watatu waliitwa wakaambiwa wana kifua kikuu. Walilia, wakatukana, mmoja akanitemea mate miguuni akisema nimemharibia maisha. Walitolewa bwenini siku hiyohiyo, wakaanzishiwa dawa. Alhamisi ya wiki hiyo mumeo akaja huko kwenu likizo, mara yake ya kwanza kumwona mwanawe tangu azaliwe. Ulinipigia ukiwa unacheka na kulia, ukasema Bonge hataki kulala popote isipokuwa juu ya kifua cha baba yake. Na hivyo ndivyo alivyomlalia majuma yote mawili, mchana na usiku. Ulisema nikuombee siku zisiishe.

Aliporudi nilimtazama nikaona shingo imekonda. Wiki ya tano alianguka akiwa juu ya jukwaa ghorofa ya nne, mwiko ukatangulia chini, yeye akadakwa na mwenzake kwenye mkanda. Walidhani ni jua. Alipokohoa, damu ikarukia plasta mbichi. Yuko wodini huku kwetu sasa, ameanza dawa, anapumulia mpira wa hewa, na daktari anasema amechelewa sana lakini hajakata tamaa. Mimi sijui kama niamini. Nikimtembelea anageukia ukutani. Juzi ndipo aliponiuliza neno moja tu, kama Bonge anakohoa. Nikamwambia hapana. Uongo huo nao niuhesabu.

Na hapa sasa, dada, ndipo penyewe.

Karatasi za majibu zilikuwa nne.

Ya nne ilikuwa ya mumeo. Niliisoma hapahapa, nimesimama kati ya saruji na mapipa ya rangi, nikaisoma tena, kisha nikamwita yeye kabla ya wale watatu. Pimamaji yule asiyependa kilichopinda alipiga magoti sakafuni. Akasema wakimtoa bwenini na kumwanzishia dawa hapa, likizo imekwenda, na hatajua lini atapata nyingine. Akasema mtoto ana mwaka na miezi mitatu na baba yake anamjua kwenye picha. Akaapa kwamba akifika tu huko kwenu, kesho yake asubuhi ataingia hospitali aanze dawa kimyakimya, asikutie hofu. Mimi nilikuwa nimefundishwa siku tatu nzima. Nilijua mtoto mdogo ni wa kwanza kulindwa. Nilijua jibu la kumpa, na nililitoa kwa watu wengine watatu siku hiyohiyo bila kupepesa macho.

Kwake sikulitoa. Nilikufikiria wewe unavyohesabu siku kwenye kalenda ya ukutani. Nilitaka niwe mimi niliyekupa furaha ile. Nikachukua daftari, mbele ya jina lake nikaandika "hana ugonjwa", nikakunja karatasi nikaitia kwenye mfuko wa aproni. Alhamisi nikamsindikiza mpaka getini. Alikuwa amevaa shati la kijani ulilomshonea, amebeba mdoli wa Bonge, nami nikampungia mkono mpaka akapotea. Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu nikipunga.

Hakwenda hospitali. Amekiri mwenyewe. Kila asubuhi alisema kesho, kwa kuwa kila asubuhi mtoto alikuwa amemlalia na hakutaka kumwamsha. Aliporudi akanidanganya kwamba vidonge anavyo, nami sikuomba nivione. Mimi ninayehesabu misumari! Fundi akichukua mwiko stoo haondoki mpaka aweke sahihi, lakini vidonge vya mume wa dada yangu niliviamini kwa maneno. Na aliporudi alilala wapi? Bwenini, kati ya watu niliowachania makaratasi dirishani ili wapone. Wawili wao wameanza kukohoa wiki hii. Wanasema ni saruji.

Unajua kinachonikosesha usingizi? Wale watatu wamepona, au wanapona. Yule aliyenitemea mate ameruhusiwa kurudi kazini, amenenepa, juzi amepita hapa na toroli la matofali akiimba, akanisalimia kwa adabu. Niliowaanika hadharani wako hai. Niliyemficha kwa mapenzi ndiye amelala na mpira puani.

Mpaka saa hii hapa kazini ni mimi na yeye tu tunaojua. Nikimaliza kuandika nitapanda kwa msimamizi na daftari lenyewe, nimwambie bweni lote lipimwe upya leo, si kesho. Kazi nitaikosa, na pengine zaidi ya kazi. Hilo lisikusumbue. Wale wanaume waliniamini, wakanipa hata makohozi yao, na mimi nikawarudishia nini?

Ungeweza kuniuliza kwa nini sikunyamaza tu, dereva awafikishe, mpimwe, mtibiwe. Nilifikiria hivyo. Lakini muuguzi amenieleza kwamba swali la kwanza atakalokuuliza ni baba wa mtoto aligundulika lini, maana kwa hesabu hiyo ndipo watajua Bonge amekaa na ugonjwa muda gani na waharakishe kiasi gani. Wewe ungemjibu unavyojua, kwamba ni juzijuzi tu. Ungemkosesha mwanao miezi miwili bila kujua, na uongo wangu ungepita mdomoni mwako. Nimekwisha kuupitisha kwenye daftari, kwenye simu na wodini. Kwako haupiti.

Karatasi yenyewe iko ndani ya bahasha hii. Tarehe nimeizungushia wino mwekundu. Mpe muuguzi mkononi, umwambie iliandikwa siku tatu kabla ya baba kufika nyumbani. Akikuuliza ulijua, mwambie hukujua. Akikuuliza nani alijua, mtaje mdogo wako, umtaje vizuri, wala usimtafutie maneno.

Sikuombi msamaha, kwa sababu najua moyo wako ungejilazimisha kunipa, na leo una mzigo wa kutosha. Wala usinipigie leo. Nakuomba jambo moja tu: nikisikia simu inaita kesho au keshokutwa na ni wewe, usianze na salamu. Anza na mtoto.

Mbele kidogo mtapita daraja, halafu lango la hospitali liko kushoto. Bonge mbebe kifuani, si mgongoni, umwone anavyopumua. Msalimie mumeo utakapofika kwake. Umwambie nimesema, ili asibaki akiutazama ukuta. Mashine yako ya kushonea iache ipumzike, kuku jirani atawaangalia, nimeshamwomba.

Mimi ni yuleyule mdogo wako uliyembeba mgongoni kwenda kuchanjwa, akalia njia nzima, nawe ukamwambia uongo kwamba haitauma. Ule ulikuwa uongo mzuri. Huu wangu hapana.

Teremka sasa, dada. Mmefika.

Mdogo wako,
Mtunza stoo