Mwenyeji Mwenye Nywele Nyekundu

UMOJA WA WASEMAJI WA KISWAHILI, ROOTY HILL
Kumbukumbu za kikao cha kamati, Jumamosi, sebuleni kwa Mama Lydie

Waliohudhuria: Papa Ntakirutimana (Mwenyekiti), Dada Kokushubila (Katibu), Mama Lydie, Ndugu Dieudonné.
Hakuhudhuria: Ndugu Zephania. Anadai yuko kazini ghalani, haijathibitishwa.

KUMB. NA. 1/ KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao akiwa amechelewa, akalaumu treni. Gari lake lilikuwa nje.

KUMB. NA. 2/ CHAKULA CHA WAGENI
Katibu alikumbusha kwamba kwaya ya Perth inakuja mwezi ujao, na kwamba tulikubaliana wageni wapelekwe mjini kwenye mgahawa wa Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hii. Wangekula kangaruu, kisha mwenye mgahawa, Anti Raelene, awatembeze bandarini akiwasimulia habari za watu wake. Wazo lilikuwa la Zephania.

Dieudonné alitaka kujua kwa nini Zephania anaupigia debe mgahawa huo tu, na kwa nini leo hayupo. Labda anakula bure pale. Katibu alisema asiyekuwepo hawezi kujibu.

Mwenyekiti alieleza kwamba hata yeye aliingiwa na wasiwasi, akaenda kupeleleza. Kwenye kaunta alimkuta mama mweupe, nywele nyekundu, madoadoa usoni. Alimwomba amwitie mwenye mgahawa, akajibiwa, "Ni mimi." Maneno ya Mwenyekiti kwa kikao: "Ule ni muzungu mutupu. Banatudanganya!" Dieudonné aliunga mkono na kutaka mama huyo aonyeshe cheti cha uenyeji.

Katibu aliuliza kama Mwenyekiti alimwambia hayo mama mwenyewe. Mwenyekiti aliomba twende kwenye ajenda nyingine. Katibu alirudia swali.

Mwenyekiti alikiri kwamba alimuuliza, tena kwa adabu: "Wewe Mwaborijini gani, na rangi hii? Baba yako nani?" Mama yule hakupaza sauti. Alisema bibi yake alichukuliwa na serikali akiwa mtoto, akanyang'anywa mama yake, kwa sababu ya weupe huohuo, eti akalelewe Kizungu. "Na wewe umekuja kuniambia sitoshi?" Akaifuta nafasi ya meza tuliyowawekea wageni.

Mama Lydie alisema, "Kumbe! Wageni hawana pa kwenda, na wewe umekaa kimya?" Mwenyekiti alisema alikuwa anatafuta nafasi nzuri ya kulieleza jambo hilo.

Mama Lydie, jirani wa Mwenyekiti tangu kule Masisi, Kongo, aliomba kusema. "Papa Ntakirutimana, kule kwenye kizuizi cha barabarani, wale wenye bunduki walikuangalia nini?" Akajijibu mwenyewe: "Pua. Wakasema na pua hiyo, na jina hilo, wewe si Mukongomani, rudi kwenu. Kwenu wapi? Baba yako amezikwa palepale! Nililia nikisema ninamujua huyu, ninamujua. Leo ni wewe unasimama barabarani unaangalia watu sura? Aibu, Papa."

Dieudonné aliondoa hoja ya cheti.

Mwenyekiti aliomba maneno ya Mama Lydie yasiandikwe. Katibu ameliandika ombi hilo pia.

KUMB. NA. 3/ AZIMIO
Iliamuliwa Mwenyekiti arudi kuomba radhi, peke yake. Aliuliza atasema nini. Mama Lydie alimjibu, "Mwambie na wewe waliwahi kukuuliza." Dieudonné naye atampigia Zephania simu, amwombe radhi kwa kumshuku.

KUMB. NA. 4/ KUFUNGA
Kikao kilivunjika saa kumi na moja jioni. Maandazi hayakuguswa, jambo ambalo halijapata kutokea katika kamati hii.

Katibu: Kokushubila (amesaini)

Mwenyekiti: alikataa kusaini siku hiyo. Alirudisha karatasi wiki iliyofuata, ameandika hivi kwa mkono wake:

Nilienda. Nilimuambia mambo ya pua. Alivuta kiti, akaniuliza na miye: baba yako nani? Nilimutaja baba, nikataja babu, nikataja na kilima chenye wamezikwa. Alisikiliza yote. Meza ya wageni iko. Hakuniomba cheti.
Ntakirutimana