Kompyuta ya Sita

Jumatatu, 5 Mei
Nshasali alfajiri. Nimewasha kompyuta ya mume wangu Hamadi, nimefungua khutba ya Ijumaa aliyoiacha katikati. Chini yake nimemwandikia mstari mmoja, kama kila asubuhi tangu tumzike. Leo: mvua imevuja chumba cha uani. Hakuna ajuaye. Wakijua watasema nimerukwa na akili.

Jumatano, 7 Mei
Salma, kitindamimba wetu, kaja kutoka chuoni Tunguu na kompyuta mpya. Ripoti ya kumalizia masomo inatakiwa Jumatatu. Programu ya kuandikia haikubali. Leseni aliyonunua baba yake ni ya kompyuta tano: ya Hamadi mwenyewe, na za kaka zake Salma wanne. Nafasi zimejaa. Leseni nyingine hatuna uwezo nayo. Kasema tuitoe ya Baba. Nimekataa katakata. Yale maandishi si yatafutika!

Alhamisi, 8 Mei
Kaka zake kawapigia simu wote. Kila mmoja anaihitaji yake kazini. Salma kalia. "Mama, Baba haitumii tena!"
Nimemfukuza chumbani. Naitumia mie. Lakini ntasemaje? Hasira. Chai sikunywa.

Ijumaa, 9 Mei
Nimo edani, kutoka siwezi. Khamis, fundi wa kompyuta, kaitwa, kakaa barazani, mie nyuma ya pazia. Nimemuuliza, tukiitoa leseni, khutba itakuwaje.
"Haifutiki, Bi Zuhura. Itafunguka, utaisoma. Kuandika tu ndo basi."
Salma kafurahi, kaona tatizo limekwisha. Nimeshukuru, nimeingia ndani. Ijumaa ya leo khutba kasoma mtu mwengine, nimemsikia kwenye spika za msikitini. Sikumpenda.

Jumamosi, 10 Mei
Asubuhi nimemwandikia Hamadi: nisamehe, ni kwa ajili ya mwanao. Kisha nimemwita Salma. Kwenye orodha ya leseni imeandikwa "Kompyuta ya Baba". Nimebonyeza mwenyewe kuiondoa, sikutaka abonyeze yeye. Kanibusu mkono, kakimbilia kazi yake.
Nimelia bafuni, bomba nimelifungua.

Jumatatu, 12 Mei
Ripoti kaipeleka. Alhamdulillahi.
Nimefungua khutba. Kweli, haikufutika. Maneno yake yako juu, mistari yangu chini. Nilitaka kumwambia Hamadi kuwa Salma kamaliza. Nimebonyeza herufi. Hakuna kitu. Nimebonyeza tena.
Nimesoma mpaka alipoishia yeye, halafu mpaka nilipoishia mie. Nimeizima, nimeifunika kanga yangu isiingie vumbi.