Nilimdanganya Mama Mkwe Ili Giza Liwe Letu Wawili

Mpendwa mshauri, nisaidie, ingawa nina furaha mpaka naona haya kulalamika, maana nimeolewa miezi minne tu na Eleodoro wangu, mpiga picha mwenye mikono mitulivu kuliko wote hapa Pozo Almonte, kaskazini mwa Chile, na kila Ijumaa isiyo na mwezi tunakwenda jangwani Santa Eduvigis, ule mji wa machimbo ya shura, chumvi ya mbolea, uliohamwa, anasimamisha kamera kwenye stendi, anaiacha lenzi wazi dakika arobaini, nasi tunakaa chini ya blanketi moja bila taa huku nyota zikijichora duara juu ya mapaa ya mabati, na sidhani kuna fungate tamu kuliko hiyo. Tatizo ni mama yake, Mama Hortensia, aliyezaliwa mji huo kabla haujafungwa, aliyetaka twende naye, na mara zote tatu, kamera ikiwa katikati ya kazi, aliwasha tochi akaenda kumwagia maji na kufagia mlango wa nyumba yao ya zamani, kama wafanyavyo wenyeji wote wakirudi, na picha ikatoka na michirizi kama ukuta uliochorwa na mtoto.

"Mama, zima tochi, unaniua!" alisema Eleodoro.

"Mlango mchafu hivi, majirani watasema nini?"

"Majirani gani? Kumebaki upepo!"

"Basi upepo nao una macho, mwanangu."

Wakacheka wote wawili, nikabaki nimenuna peke yangu. Kesho yake nilimpigia mama mkwe simu nikamwambia Eleodoro amesema asije tena. Eleodoro hakusema hivyo. Sasa ni wiki tano mama hapokei simu za mwanawe, na juzi ametuma ujumbe kwamba Siku ya Watakatifu Wote, tukipeleka maua ya karatasi makaburini kule, yeye atapanda basi la majirani, asitulemee. Mume wangu analia, hajui kosa lake. Je, nikinyamaza, si yatapoa yenyewe?

Yasna

Yasna,

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta kosa la mama mkwe. Nyota nimeziona, blanketi nimeliona, kosa lake sijaliona. Najua ndoa changa ina wivu, mtu anataka hata giza liwe lake. Lakini ulikaa mlangoni kwa huyo mama ukamwona yeye ndiye mgeni! Picha iliyoharibika hupigwa tena Ijumaa nyingine. Wiki tano za mama kuamini mwanawe amemkataa, utazirudishaje? Na mumeo analia ubavuni pako, dawa unayo wewe, halafu unaniandikia habari za fungate!

Hayapoi yenyewe. Leo jioni, kabla hujamimina chai, mwambie Eleodoro: "Ni mimi niliyemkataza mama, nikatumia jina lako." Usitangulize mapenzi wala machozi. Atakasirika, mwache akasirike. Kuhusu kufagia, fikeni jua likiwa bado juu, mshike fagio nyote, kamera ifunguliwe baadaye. Watu wazima watatu, na hakuna aliyewaza kuwahi kwa saa moja tu!

Kesho nenda kwa Mama Hortensia peke yako, usimtume mume akakulainishie. Sema maneno yale yale, kisha nyamaza. Akitaka kulia, mwache alie yeye kwanza.