Sigara Niliyomkatalia Baba Salima

Jumamosi, jioni. Newala kuna ukungu na baridi ya kuvaa sweta.

Nimerudi sasa hivi kutoka Lisekese, kule Masasi, kumwona rafiki yangu Baba Salima. Huu ni mwezi wa tano sijavuta sigara, na safari hii niliiogopa kuliko nilivyoogopa kupimwa kifua.

Sigara ndiyo iliyotukutanisha. Tulikuwa walimu vijana Masasi, miaka ile wafanyabiashara binafsi walipoanza kuruhusiwa kununua korosho. Mara maduka yakajaa: redio, vitenge, sabuni za kunukia, sigara za kila aina. Baada ya miaka ya kupanga foleni ya sukari, pakiti kwenye mfuko wa shati ilitufanya tujione watu. Vipindi vikiisha tulikaa nyuma ya darasa la saba, tukivuta moja kwa zamu na kupanga maisha. Pale ndipo aliponiambia niache woga, nikapeleke posa kwa kina Mama Anna, ambaye sasa ni mke wangu.

Nakiri, nazikumbuka siku zile mpaka nashindwa kula.

Mwaka huu kifua kikanipeleka hospitali. Nesi alinieleza taratibu: moshi unaingiza mwilini chembe haribifu, nazo zinatafuna seli kama kutu inavyotafuna bati. Mwili una kinga yake, zikiwemo vitamini za matunda na mboga, lakini mvutaji anaitumia upesi kuliko anavyoijaza. Ukiacha, mashambulizi yanapungua, na ndani ya wiki chache kinga inaanza kupanda.

"Yaliyoharibika hayarudi yote, mwalimu," alisema. "Ila hutaongeza mengine."

Wiki za kwanza nilimfokea Mama Anna kwa chumvi, kwa mlango, kwa chochote. Halafu asubuhi moja nikasikia harufu ya maua ya mikorosho. Nikaganda uani.

"Kwani ulikuwa huisikii?" Mama Anna akauliza.

Sikuwa naisikia. Na sikujua tangu lini.

Leo Baba Salima alinipokea kwa shangwe, akafungua pakiti, akanipa ya kwanza kama zamani.

"Nimeacha," nikasema.

Akacheka. Alipoona sicheki, akairudisha ndani ya pakiti.

"Sasa tutakaa tunafanya nini?"

Nikamweleza tu habari za kutu, za kinga, za yale maua. Katikati ya maneno yangu akaanza kukohoa, kikohozi ninachokijua, akashika nguzo ya baraza mpaka kikapita.

Alinisindikiza hadi barabarani. Njia fupi ile, alisimama mara mbili kuvuta pumzi, akijifanya ananionyesha shamba la jirani.

Gari lilipotokea, akauliza bila kunitazama, "Huyo nesi wenu, anapokea na watu wa huku?"

Nilimwambia anapokea. Jumatatu atapanda gari la asubuhi, nami nitampokea stendi.

Mama Anna ameshaanza kutandika kitanda cha wageni.