Kaburi la Baba kule Ijumbi

Shikamoo Bibi,

Nimempata Baba! Mjumbe wa nyumba kumi wa hapa Ijumbi alinipeleka, mvua ikitunyeshea, kwa mama aliyempangisha chumba. Mama huyo akagoma kunionyesha kaburi mpaka nimalize sahani ya ndizi na samaki. "Mtoto wa askari wetu haendi kumwona baba yake akiwa na njaa!"

Wavushaji wa kahawa ya magendo walipomuua mpakani, ni mama huyo aliyemzika, kwenye kibanja chake, katikati ya migomba, kando ya makaburi ya wanawe mwenyewe. Nilipomshukuru alinikaripia: "Aliniita mama. Ningemzika wapi tena?"

Amenifungia kahawa ya kutafuna, ya mbuni ulioota kichwani pa kaburi la Baba. "Mpelekee mama mwenzangu."

Nakuletea, Bibi.

Mjukuu wako